Pasamalar (1961): kaka na dada waliogombana, wakaja kuimbiana kupitia watoto wao

MwanaRuwi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Sisi watu wa pwani picha za Kihindi tumezaliwa nazo. Lakini kwetu "picha ya Kihindi" ni kila kinachotoka India, na hapo ndipo tulipopitwa na mengi. Kuna India nyingine kule kusini, yenye lugha zake, waigizaji wake na waimbaji wake, na majumba ya sinema ya kwetu hayakuwa yakituletea sana. Mimi nimeijua kwa sababu ya kazi tu. Niko Muscat mwaka wa kumi na moja sasa, na muda wote huo nimekaa na Watamil, watu wa kusini huko: ghala moja, nyumba moja, jiko moja.

Kuna mzee mmoja wa Madurai, fundi wa viyoyozi. Alhamisi usiku akiingia jikoni anaweka nyimbo za zamani kwenye simu. Kuna wimbo mmoja ukifika, nyumba nzima inanyamaza, hata vijana ambao hawajafika miaka 25. Nikamuuliza ni wimbo gani. Akasema ni wa kumbembelezea mtoto alale. Nikamuuliza tena, sasa mbona watu wazima wanafuta machozi? Akanijibu: tazama filamu kwanza, kisha uniulize tena.

Ijumaa yake tukaketi watu saba mbele ya televisheni, yeye akinifasiria kwa Kihindi na Kiarabu cha sokoni. Filamu yenyewe ni Pasamalar, ya mwaka 1961, nyeusi na nyeupe. Mwongozaji ni A. Bhimsingh. Kaka ni Sivaji Ganesan, dada ni Savitri, mume wa dada ni Gemini Ganesan. Muziki wa Viswanathan na Ramamoorthy, maneno ya nyimbo ya Kannadasan. Mwaka ule ilikaa kwenye majumba ya sinema zaidi ya wiki 25.

Kisa ni hiki. Raju na Radha ni mayatima. Wamebaki wawili, kaka kamlea dada kama mwanawe. Raju ni mfanyakazi wa kiwandani, Radha anakaa nyumbani akitengeneza vitu vya kuchezea watoto na kuuza, senti kwa senti anaweka. Kiwanda kinafungwa, Raju anarudi mikono mitupu, ndipo Radha anapomtolea ile akiba. Kwa pesa hiyo ya dada Raju anaanza biashara, anatajirika, anakuwa tajiri hasa. Shikeni hilo vizuri: utajiri wote wa yule bwana umetoka kwenye vidole vya dada yake, na yeye analijua.

Anakuja Anand, rafiki wa zamani wa kazini, hana kazi. Raju anampa. Anand na Radha wanapendana. Raju anaposikia, hasira zinampanda. Halafu Anand huyo huyo anasimama upande wa wafanyakazi kwenye mgomo dhidi ya Raju. Mwisho Raju anameza hasira, anamwoza dada yake kwa mtu anayempenda. Naye anaoa, mke wake Malathi ni daktari. Wote wanapata watoto. Hapo ndipo bibi mmoja mtu mzima katika jamaa za Anand anapoingia nyumbani na kuanza kutia maneno. Kidogo kidogo nyumba inapasuka, hadi kaka na dada hawaonani.

Sasa wimbo. Ndugu wamekwisha kutengana. Kila mmoja yuko nyumbani kwake, usiku, na mtoto wake kwenye susu. Raju anaanza kuimba kumlaza wa kwake. Kule kwa pili Radha anamlaza wa kwake, na wimbo ni ule ule mmoja. Hawasikiani. Sisi ndio tunaowasikia wote wawili. Na ukisikiliza maneno utagundua hakuna anayeimba habari za mtoto. Kila mmoja anamwambia mtoto wake habari za yule wa nyumba ya pili: utakuja kuoa kwa shangazi, mjomba atakuja na saa ya dhahabu na almasi kuzungumza posa, kwa ajili yako ataweka dunia nzima mezani aulize bei yake.

Mzee akasimamisha filamu pale. Akaniambia, "Umeelewa? Hawa wamegombana. Lakini wanaahidiana watoto."

Sikuweza kumjibu. Watu wengi huiita Pasamalar filamu ya kulia, na ni kweli watu hulia. Mimi nasema filamu nzima iko ndani ya wimbo ule mmoja, na kilio cha mwisho ni hesabu tu ya kilichokwisha kusemwa pale. Nimeileta hapa nisikie wenzangu.

Bintiye_Mwembetanga

Mleta uzi umenigusa. Mimi nataka kuuliza habari ya wifi. Kwetu hadithi ikiwa na kaka, dada na mke wa kaka, basi mwenye makosa anajulikana kabla haijaanza: ni wifi mtu. Huyo Malathi yukoje?

MwanaRuwi

Dada, swali zuri sana, na ndilo lililonishangaza. Malathi hana ubaya wowote. Ameketi katikati ya mapenzi ya watu wawili ambayo yalikuwepo kabla yake, na anayaheshimu. Hata Anand, mume, si mtu mbaya. Ana msimamo wake na wafanyakazi wake, na mgomo ule ulikuwa na haki ndani yake. Yule bibi ndiye mwenye fitina, lakini angekuta nyumba isiyo na ufa asingeweza kitu. Ufa uliokuwepo ni kwamba Raju hajui kumpenda Radha kama mke wa mtu. Anajua kumpenda kama mtoto aliyemlea.

Kipanga_Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Kisa hiki nakijua! Sisi tulikiona kwa Kihindi, kwa jina la Rakhi. Ashok Kumar ndiye kaka, Waheeda Rehman ndiye dada, Pradeep Kumar ndiye shemeji. Baba yangu alikuwa na kanda yake. Kwa hiyo asili yake ni hii ya Kitamil? Miaka yote hii sikuwahi kujua.

MwanaRuwi

Ndiyo hiyo hiyo mkuu. Rakhi ni ya 1962, mwaka mmoja tu baadaye, na aliyeiongoza ni Bhimsingh mwenyewe. Ashok Kumar alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora kwa filamu ile. Mwaka huo huo wa 1962 ikatoka ya Kitelugu, Raktha Sambandham, kaka ni N. T. Rama Rao, na dada ni Savitri yule yule. Dada hufa mwisho wa kisa, yaani Savitri alikufa mara mbili kwa kisa kimoja, kwa lugha mbili, na Kitelugu ndicho lugha yake ya kuzaliwa. Kisa kikavuka bahari pia, wakakifanya kwa Kisinhala kule Sri Lanka.

Kipanga_Kisauni

Basi nitaitafuta ya Kitamil. Lakini ngoja niseme jambo kuhusu muziki. Hapa kwetu Mombasa marehemu Juma Bhalo alichukua nyimbo za filamu za Kihindi akazivika Kiswahili, na harusini watu wakaziona zao. Unguja nako Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Kwa hiyo masikio yetu yamezoea upande ule. Ila nimesikiliza huu wimbo wa kulaza mtoto sasa hivi mara tatu, na sauti ya yule mwanamume si ile tuliyoizoea. Waimbaji wa Kihindi wanalainisha. Huyu anaimba kutoka tumboni, kama mtu anayekaza asilie.

MwanaRuwi

Huyo ni T. M. Soundararajan, mzaliwa wa Madurai, mji mmoja na mzee wangu. Yeye ndiye anayeimba, Sivaji anafuatisha midomo tu. Alikuwa na uwezo ambao Watamil hawaachi kuusimulia: akimwimbia Sivaji, sauti inakuwa ya Sivaji, na akimwimbia nyota mwingine, M. G. Ramachandran, inakuwa ya huyo mwingine. Ukifumba macho unajua nani yuko kwenye skrini. Anayeimba upande wa Radha ni P. Susheela. Gemini Ganesan, yeye anaimbiwa na P. B. Sreenivas, sauti laini ya mpenzi. Msikilizeni anavyoulizana na Susheela "nani huyu, nani" kwenye ule wimbo wa wawili. Bhimsingh na wanamuziki wake walipanga hata sauti: kaka ana koo zito, mume ana koo jepesi, na dada anaimba na wote wawili bila kubadilika.

Mdadisi_wa_Tabora

Wakuu mimi nitakuwa tofauti kidogo, mnisamehe. Nimeitazama jana usiku yote. Nyimbo nimezipenda. Uigizaji umenishinda. Sivaji anatetemeka midomo, anatoa macho, sentensi moja anaipandisha na kuishusha kama mhubiri. Na ule mwisho! Fataki za Deepavali, ile sikukuu ya taa ya Wahindu, zinamlipukia machoni akimwokoa mtoto, anapofuka, dada naye yuko kitandani anakufa, na kaka anakufa hapo hapo kashika mkono wake. Hakuna mtu anayekufa hivyo. Kilio kimepita kiasi.

MwanaRuwi

Mkuu, umesema wazi na mimi nitajibu wazi. Sivaji hakutoka chuo cha filamu. Alikulia kwenye vikundi vya maigizo ya jukwaani tangu mtoto. Jina la Sivaji alipewa na Periyar, kiongozi maarufu wa Watamil, baada ya kumcheza mfalme Shivaji kwenye mchezo ulioandikwa na Annadurai, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa jimbo. Kule jukwaani mtu wa safu ya mwisho lazima asikie na aone, na Kitamil cha jukwaani kina mizani yake, kinasemwa karibu na kuimbwa. Alipoingia kwenye filamu mwaka 1952 na Parasakthi, watu walikwenda kusikia maneno yakitamkwa. Ukimpima kwa kipimo cha kunong'ona utamwonea. Mwaka 1960 hata tamasha la filamu la nchi za Afrika na Asia kule Cairo lilimpa tuzo ya mwigizaji bora, kwa Veerapandiya Kattabomman, na pale jukwaani palikuwa pa Waafrika na Waarabu wasiojua neno la Kitamil.

Na kuhusu kifo, mtazame tena pale mwisho. Analosema Raju kwa dada yake anayekufa si hotuba. Ni kale kawimbo ka watoto wachanga wanaofundishwa kupunga mikono: punga mkono mwanangu, twende dukani, tukanunue peremende. Mtu mzima, kipofu, tajiri aliyegawa kila kitu, anamwimbia mwanamke mzima aliyezaa kawimbo ka mtoto wa miezi sita. Hapo hajapandisha sauti hata kidogo. Amerudi siku ile waliyobaki wawili.

Mdadisi_wa_Tabora

Kawimbo kale nilidhani ni maneno ya kuchanganyikiwa tu. Tafsiri niliyokuwa nayo haikusema ni wimbo wa watoto. Hapo nakubali nilikosa. Fataki bado sikubali.

Bintiye_Mwembetanga

Fataki hata mimi, kwa kweli.

MsomiCoimbatore

Habari wapendwa. Mimi ni Mtanzania, nilisoma Coimbatore, mji wa Watamil, miaka minne, na naomba niongeze mambo mawili ambayo filamu haielezi kwa sababu kila Mtamil anayajua.

La kwanza ni jina. Malar ni ua. Paasam, au pasa, ndilo gumu. Kitamil kina kaadhal, mapenzi ya mwanamume na mwanamke, na kina anbu, upendo kwa jumla. Paasam ni ule unaokuvuta kwa mama, kwa ndugu, kwa mtoto. Sasa neno lenyewe asili yake ni kamba. Kwenye dini yao ya mungu Shiva, pasam ndiyo kamba inayomfunga kiumbe kama ng'ombe anavyofungwa kwenye kigingi. Kwa hiyo jina la filamu limebeba ua na kamba pamoja. Na wale waliofanya ya Kihindi wakaiita Rakhi, yaani ule uzi ambao dada wa India ya kaskazini anamfunga kaka yake mkononi. Kaskazini wakachukua kamba wakaacha ua.

La pili ni habari ya kuoana. Mleta uzi ametaja ahadi ya watoto, lakini uzito wake haujaonekana vizuri. Kwa Watamil mtoto wa baba mkubwa au mdogo, na wa mama mkubwa au mdogo, ni ndugu yako kabisa, haoleki. Lakini mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ndiye mchumba wa haki, tangu mnazaliwa. Sisi pwani tunasema binamu nyama ya hamu; kwao ni zaidi ya hamu, ni kama deni. Na mjomba ana kazi zake zisizofanywa na mtu mwingine: mtoto akitobolewa masikio anakaa kwenye mapaja ya mjomba, na kwenye harusi zawadi za mjomba zinatangulia. Kaka na dada wakioza watoto wao, ile nyumba ya kwanza iliyogawanyika siku dada alipoolewa inarudi kuwa nyumba moja. Ndiyo maana wimbo ule unaumiza. Raju alimpoteza Radha siku ya harusi, na njia pekee ya kumrudisha ambayo mila inaruhusu ni kupitia hao wawili walio kwenye susu.

MwanaRuwi

Mkuu Msomi, miaka kumi na moja na hawa watu, na hilo la kamba sijaambiwa. Asante sana. Nimemuuliza mzee sasa hivi jikoni, akacheka, akasema "bila shaka ni kamba, ulidhani nini".

MamaHawa_Bujumbura

Nami natoa salamu. Nimeangalia nyimbo tu, filamu bado. Kuna mmoja wa harusini, wanawake wanamwita bi harusi, furaha tupu. Huo nani anauimba? Nimeurudia mpaka watoto wameushika.

MsomiCoimbatore

Mama Hawa, huyo ni L. R. Eswari. Alikuwa mwitikiaji nyuma ya waimbaji wakubwa, na wimbo huo, Vaarayen Thozhi, ndio uliomtoa. Maana yake ni "hutakuja, shoga yangu?" Nimehudhuria harusi nyingi kule, za matajiri na za watu wa chini, na ukumbini lazima upigwe, zaidi ya nusu karne baadaye. Baadaye Eswari alijulikana kwa nyimbo za kuchangamka na za kumsifu mungu wa kike Mariamman, ilhali mwenyewe alizaliwa kwenye familia ya Kikristo.

Wimbo huo unaimbwa na mashoga wa Radha siku ile anayotoka nyumba ya kaka. Furaha ya wengine wote ndiyo siku ya msiba wa Raju. Viswanathan na Ramamoorthy hawakuweka hata sauti moja ya huzuni ndani yake. Wamemwachia Sivaji aibebe usoni.

Kipanga_Kisauni

Hawa wanamuziki wawili nimewapenda. Ni ndugu?

MwanaRuwi

Si ndugu mkuu. Viswanathan ni mtu wa Palakkad, Mmalayali, yaani wa Kerala, si Mtamil. Ramamoorthy alikuwa bingwa wa fidla, mkubwa kwake kwa miaka sita. Waliitwa Mellisai Mannargal, wafalme wa muziki mwororo. Walifanya kazi pamoja mpaka 1965, wakaachana, kila mtu njia yake. Ramamoorthy alifariki 2013, na Viswanathan 2015. Kannadasan mwandishi wa maneno alizaliwa tarehe 24 Juni 1927, na Viswanathan tarehe hiyo hiyo mwaka mmoja baadaye. Watamil wanalitaja hilo kama ishara.

Tazameni watu hawa: muziki wa Mmalayali, Susheela Mtelugu, Savitri Mtelugu, na kazi yao ndiyo iliyogeuka kuwa moyo wa Watamil. Tamil Nadu, jimbo la Watamil, leo kaka na dada wakipendana sana majirani wanawaita "pasamalar".

Bintiye_Mwembetanga

Na Savitri? Nimeona kuna filamu ya maisha yake.

MwanaRuwi

Mahanati, ya 2018, Keerthy Suresh ndiye anayemcheza. Itazame ukiwa na kitambaa. Savitri na Gemini Ganesan walikuwa mke na mume kweli, wakati wanaigiza Pasamalar walikuwa kwenye ndoa. Baadaye ndoa ikavunjika, mali ikapukutika, na aliugua bila fahamu kwa miezi mingi mpaka alipofariki Desemba 1981. Watamil walimwita Nadigaiyar Thilagam, alama ya urembo kwenye paji la uso la waigizaji wa kike, sawasawa na Sivaji alivyoitwa Nadigar Thilagam kwa wanaume. Mwaka 1964 aliigiza tena na Sivaji kwenye Navarathri, safari hii kama wapenzi. Mzee wangu anasema alikwenda kuitazama akiwa kijana na ikamchukua nusu saa kuzoea, kwa sababu machoni pake wale walikuwa ndugu.

MamaHawa_Bujumbura

Nina kaka mmoja, hatujazungumza tangu mirathi ya baba. Watoto wake siwajui sura. Huo wimbo wa susu mmeusimulia vizuri mno, naomba mtu anifasirie ule ubeti wa mwisho. Nausikia kila saa lakini sijui unasema nini.

MwanaRuwi

Pole dada yangu. Nimekaa na mzee tumeupitia neno kwa neno. Susheela anaanza, yaani ni Radha anamwambia mtoto: nikusimulie alivyonifunika kwa bawa lake akanilea kama binti yake mpenzi? Nikusimulie wakati ambao hatukuuota hata ndotoni ulivyokuja katikati yetu ukatutenga? Kisha unakuja ule wa mwisho kabisa: tulizaliwa tumechanganyika, kama mboni ndani ya jicho, na kama kivuli cha mboni. Ardhi na bahari na mbingu zikitoweka zote, undugu huu hausahauliki, wala hautengeki.

Kwao mboni ni neno moja na johari, au kengele ndogo: mani. Mzee alihangaika kunieleza kwa Kihindi, akanishika kope na kidole. Nikamwambia kwetu pia tunasema mboni ya jicho. Akaniomba nilitamke kwa Kiswahili. Amelirudia mara mbili tatu, sasa analitumia kunitania nikichelewa kuosha sufuria.

Filamu nzima ipo mtandaoni, Mama Hawa, na 2013 iliwahi kurudishwa sinema baada ya kusafishwa kidijitali, kwa hiyo tafuta nakala safi. Kwenye wimbo wa susu usikilize pale Susheela anapoingia. Soundararajan amemwachia mstari ukiwa bado haujatua.